Ndoo ya Mama Nyanjige

Sisi tuliosoma kabla simu haijaingia mfukoni mwa mzazi, habari zetu za shule zilifika nyumbani kwa miguu. Zilikuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye karatasi moja iliyodurufiwa, wino wake bado unanuka na kuchafua vidole. Wakubwa tulikabidhiwa mkononi na kuonywa tusiikunje mara nane. Wadogo wa darasa la kwanza walibandikwa kifuani kwa pini, maana walijulikana kwa kuzigeuza barua mashua na kuzishindanisha mtaroni. Ukisimama Mkuyuni mchana wa Ijumaa hiyo ungewaona wanashuka mlimani, karatasi zinapepea vifuani, na akina mama wa sokoni wakimsimamisha yeyote yule, awe wao au wa jirani, wakamsoma kwanza ndipo wamwachie aende.

Binti yangu Anjela, aliye darasa la nne, haamini.

"Sasa mama, kama mtoto aliipoteza?"

"Anachapwa."

"Si mngepiga tu picha?"

Huyo ndiye mtoto wa siku hizi. Ukimwambia tulisoma kwa kibatari atakuuliza kwa nini hatukuwasha tochi ya simu.

Shule yetu ya masista ilikuwa juu mlimani, kati ya Mkuyuni na Butimba, imezungukwa na mawe kila upande. Wageni wanayapiga picha mawe ya Mwanza, sisi tuliyatumia. Kulikuwa na jiwe la kuanikia soksi, jiwe la kutelezea mpaka kaptula na sketi zinatoboka, na jiwe la kuchezea mdako lililokuwa na kishimo chake tayari, hata hukuhitaji kuchimba. Lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa nyuma ya jiko, limeliegemea jingine na kuacha kivuli kipana chini. Tuliliita Jiwe la Wadogo. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili walimaliza masomo saa sita, na wale ambao mama zao walikuwa bado sokoni au mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, walikaa hapo kwenye kivuli, mlinzi wa kanisa akiwatupia jicho, mpaka kaka au dada awachukue saa kumi. Mdogo wangu Deo alikuwa mmoja wao. Mama yetu aliuza dagaa, na dagaa haziuziki kwa kuangalia saa.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na jina langu la ubatizo ni Leokadia, ila shule nzima iliniita Kwanini. Nilistahili. Siku moja kwenye mafundisho ya komunyo nilimuuliza Padre kama Lazaro, baada ya kufufuliwa, ilibidi afe tena mara ya pili, na kama hakulalamika. Padre alicheka. Katekista hakucheka, na nilifagia kanisa wiki nzima.

Lakini kwa sababu ya maswali hayo hayo, pamoja na mwandiko wangu uliosimama vizuri kwenye mstari, Sista Konsolata, mwalimu mkuu, alinichagua kuandika Sauti ya Mwanafunzi. Ilikuwa mistari sita chini kabisa ya barua, baada ya tarehe za mitihani, sala za novena na zamu za usafi. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wazazi maisha ya shule kwa macho ya mtoto. Naandika kwenye daftari, Sista anapitia kwa kalamu nyekundu, kisha karani anapiga chapa na kudurufu. Ile kalamu nyekundu haikupumzika. Niliwahi kuandika kwamba nimethibitisha masista wana nywele, na za Sista Konsolata zina mvi. Ikakatwa. Nikaandika kwamba bata wa masista wanakula vizuri kuliko darasa la sita. Ikakatwa. Sista alinirudishia daftari akiwa amebana midomo, na mpaka leo nina hakika alikuwa anajizuia kucheka.

Mpishi wetu aliitwa Mama Nyanjige. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti ndogo, ambaye alisonga ugali wa shule nzima kwenye sufuria ambamo mtoto angeweza kuogea. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia. Asubuhi saa nne alitugawia uji kwenye vikombe vya plastiki, na kila tulipopita mbele yake tulimwamkia, "Shikamoo mayu," yaani mama kwa Kisukuma, naye aliitikia marahaba mojamoja, mia mbili na zaidi, bila kuruka mtu. Saa saba, sisi wa darasa la tatu kwenda juu tulikula ugali na maharage. Harufu ya yale maharage, yamekaangiwa kitunguu na nyanya mbivu, upepo wa ziwa ukiisukuma mpaka darasani wakati wa hesabu! Hakuna aliyepata hesabu ya mwisho kabla ya kengele.

Sasa mimi, nikiwa na macho yangu ya mwandishi, niliona jambo. Kila siku tulipomaliza kula na kuanza kuosha sahani, Mama Nyanjige alitoka jikoni na ndoo. Ndoo ya bati, imefunikwa kwa kipande cha kanga. Hakupita mbele, alizunguka nyuma ya jiko, akitazama kulia na kushoto. Baada ya muda alirudi, ndoo inaning'inia nyepesi mkononi, kanga begani. Nilimfuatilia siku nne kutoka dirisha la darasa. Siku ya tano nilijifanya nakwenda chooni, lakini mwalimu wa zamu alinikamata nikiwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji.

Mwezi huo Sista Konsolata alikwenda mafungo ya kiroho. Aliniacha na daftari na maneno matatu: "Andika vizuri, Leokadia." Kalamu nyekundu akaondoka nayo. Nami nikaandika, nikijiona mkubwa, na karani akapiga chapa kama ilivyo:

"Mpishi wetu hutoka kila siku na ndoo iliyofunikwa. Hupita nyuma ya jiko asionekane. Hurudi na ndoo ikiwa tupu. Bado tunachunguza."

Jioni ile mama aliisoma barua kwa sauti uani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, ungo wa dagaa mapajani. Alisoma tarehe za mitihani, akasoma novena. Alipofika kwangu akasimama, akasoma tena mara ya pili polepole.

"Ndoo ya nini?" akauliza.

"Bado tunachunguza," nikasema, na kifua kilinijaa.

Deo alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. Kijiti kikasimama. Nilikiona kikisimama, mimi mtoto wa maswali, wala sikuuliza.

Jumapili baada ya Misa watu hawakutawanyika. Walibaki uwanjani kwenye vikundi, barua zimetoka kwenye mikoba, na neno ndoo lilipita kutoka kundi moja hadi jingine. Mmoja alisema ndiyo maana mwanawe anarudi na njaa. Mwingine akasema alikuwa na mashaka siku nyingi, ingawa sikuwahi kusikia ametaja mashaka yoyote. Ilipofika Jumatatu, kamati ya wazazi ilishamwambia Mama Nyanjige akae nyumbani mpaka Jumamosi, siku ya mkutano, ajieleze mbele ya wote. Asubuhi hiyo tuligawiwa uji na wasichana wa darasa la saba. Ulikuwa na madonge, na hakuna aliyeitikia marahaba.

Siwezi kusema nilijuta siku ile. Nitakuwa mwongo. Nilitembea uwanjani na wenzangu wananionyesha kidole, na nilipenda.

Nyumbani kwetu sahani ya jioni tulichangia, mimi na Deo. Mama aliweka ugali katikati na mboga pembeni, na kwa muda mrefu Deo alikuwa mlaji mvivu. Anakula matonge matatu au manne, anajifuta mikono kwenye kaptula, anakwenda kucheza. Mama alikuwa anasema, "Huyu mtoto anashiba upepo." Mimi nilisogeza sahani upande wangu na kumaliza. Niliuliza habari za Lazaro, niliuliza nywele za masista, niliuliza kwa nini ziwa halina chumvi, lakini katika maswali yangu yote sikuwahi kuuliza kwa nini mtoto wa miaka saba, aliyekunywa kikombe kimoja cha uji saa nne, jioni hana njaa.

Jumatatu ile Deo alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Jumanne akaanza kula kabla mama hajakaa. Jumatano tuligombania tonge la mwisho, nikamsukuma.

"Umekuwaje wewe? Siku hizi unakula kama mvuvi!"

Akaanza kulia. Hakulia kwa hasira, alilia kwa kuchoka, na ndani ya kile kilio akasema, "Ndoo haiji tena."

Nikamuuliza ndoo gani, ingawa nilishajua.

Ilikuwa ukoko. Nyumbani kwetu, na naamini hata kwenu, ukoko ni wa aliyesonga ugali. Hakuna anayemdai, yeye ndiye anaamua amkwangulie nani. Mama Nyanjige alikuwa na sufuria kubwa kuliko zote mtaani, na ukoko wake ulitoka vipande vipana, vikavu, vyenye harufu ya moshi. Haki yake ile hakuipeleka nyumbani. Aliilowesha kwa mchuzi wa maharage uliobaki chini ya sufuria, akaifunika kanga, akawapelekea watoto tisa waliokaa chini ya Jiwe la Wadogo, wasiokuwa kwenye hesabu ya chakula cha mchana. Aliwaambia wasimwambie mtu. Si kwamba aliogopa masista. Alituogopa sisi. "Wakubwa wakijua watakuja kuwanyang'anya," aliwaambia, na hapo alituelewa vizuri sana, maana ukoko wenye mchuzi wa maharage mimi mwenyewe ningeupigania.

Usiku ule, na siku nzima ya Alhamisi, nilibeba jambo hilo kama jiwe kwenye kiatu. Mama Nyanjige hakuwa na mume, na kazi ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kama angefukuzwa, ingekuwa kwa mwandiko wangu uliosimama vizuri kwenye mstari. Jioni ya Alhamisi niliposikia Sista Konsolata amerudi, nilikwenda kugonga mlango wa ofisi yake. Barua ilikuwa mezani mbele yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Ingia. Hapa uliona nini?"

"Niliona ndoo, Sista."

"Na ndani ya ndoo uliona nini?"

Nikaitazama barua pale mezani.

"Ulimuuliza Mama Nyanjige?"

"Hapana, Sista."

"Wewe? Wewe uliyeniuliza mimi kama nalala na shela kichwani, ukashindwa kumuuliza mpishi amebeba nini?"

Nikaanza kulia, nikamweleza yote, habari ya Deo, ukoko na lile jiwe. Kuhusu swali lake sikumjibu, lakini jibu nilikuwa nalo. Moyoni nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, na nikishajibiwa habari itakwisha utamu. Ndoo iliyofunikwa ilikuwa inanifaa zaidi kuliko ndoo iliyofunuliwa. Sista alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyewaambia wazazi," akasema. "Jumamosi utawaambia tena."

Mkutano ulijaa mpaka madirishani. Mama Nyanjige alikaa benchi la mwisho, amevaa gauni lake la Jumapili, na miguuni ameweka ndoo, imefunikwa kanga vilevile. Hakuna aliyemtazama yeye, wote waliitazama ndoo. Sista aliniita mbele. Nilisema kwamba niliona ndoo lakini sikuona ndani, wala sikuuliza, na kwamba ndani mlikuwa na ukoko wa Mama Nyanjige mwenyewe aliokuwa anawapa wadogo wetu kwa sababu sisi tunakula na wao hawali. Nikawataja wote tisa kwa majina.

Akina mama tisa walikuwa wanatazama sakafu, na wangu alikuwa katikati yao. Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akamwomba Mama Nyanjige aseme neno. Alisimama, akaondoa kanga. Ndoo ilikuwa tupu, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa.

"Nimeileta muione," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ni hiyo tu."

Wakamwomba radhi, mmoja baada ya mwingine. Mama yangu alikwenda akapiga goti mbele yake kama tunavyoamkia wakwe, na yeye akamwinua. Ilipofika zamu yangu alinishika kidevu.

"Ng'wanone," akasema, ndiyo kusema mwanangu, "mbona hukuniuliza? Mimi si nipo pale jikoni kila siku?"

Njiani kurudi nyumbani mama hakunigombeza. Alitembea mbele, Deo mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa, na tulipofika mtaani kwetu akasema bila kugeuka, "Kwa hiyo chakula cha mwenzako ulikuwa unakula wewe." Angenichapa ingeniuma kidogo kuliko hapo.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalirudi kama zamani. Mama Nyanjige alirudi jikoni Jumatatu, marahaba zikarudi, uji ukaacha madonge. Ila ndoo haikutoka tena. Akina mama walijipanga kuwafungia watoto wao viazi vya kuchemsha na mihogo, na hakuna aliyelala njaa. Ukoko ulibaki sufuriani, ukaloweshwa maji, wakamwagiwa bata wa masista. Niliwahi kumuuliza, safari hii niliuliza kweli, kwa nini haupeleki tena kwa wadogo. Akaendelea kusugua sufuria. "Ule nilikuwa nawapa mwenyewe," akasema. "Sasa umeshakuwa wa mkutano." Mimi kuanzia wiki ile niligawa sahani yangu ya mchana nusu kwa nusu, nikaifunika kwa sahani nyingine na kuipeleka Jiwe la Wadogo kabla ya kengele, mpaka Deo alipofika darasa la tatu. Sauti ya Mwanafunzi akapewa mvulana mmoja wa darasa la sita aliyeandika habari za mpira tu, na wazazi wakawa salama.

Siku hizi naishi Nyegezi, na shule ya Anjela, ambayo nayo ni ya masista, inatuletea habari kwenye simu. Asubuhi picha ya mstarini, saa nne picha ya uji, mchana picha ya sahani. Tunajua mtoto amekula nini kabla hajameza. Kwenye kundi la wasapu la wazazi wa darasa la nne watu wanajibu kwa vidole gumba na mioyo myekundu, amina kumi na saba, kisha mtu anauza sare zilizotumika. Nashukuru, siwezi kusema sishukuru. Mama yangu angelipenda jambo hili, kukaa sokoni na kumwona Deo amekaa wapi saa saba mchana. Lakini zile barua zetu tulizisoma mpaka zikachanika, tukabishana nazo, tukaziuliza maswali. Picha zinapita tu.

Wiki iliyopita kulikuwa na picha ya chakula cha mchana. Watoto kwenye foleni, sahani za chuma, na pembeni kabisa, imekatwa na ukingo wa picha, mikono miwili minene imeshika mwiko. Niliikuza picha. Nikaikuza tena mpaka mikono ikawa ukungu. Anjela aliporudi nikamuuliza nani huwa anawapikia.

"Anti wa jikoni."

"Anaitwa nani?"

"Anti wa jikoni, mama."

Nikamwambia kesho akamuulize jina, na asirudi bila hilo jina. Alinitazama kama niliyemtuma kuvuka ziwa kwa miguu. Kesho yake akarudi akikimbia tangu getini, kijaluba chake cha chakula amekishika kwa mikono miwili.

"Anaitwa Mama Sabina, ana watoto wanne, kwao ni Ukerewe, hapendi kupika wali, na anaumwa bega la kulia! Amesema tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Na amekupa hii."

Akafungua. Ndani kulikuwa na kipande cha ukoko, kipana, kikavu, kina harufu ya moshi. Nilikaa chini pale pale barazani. Machozi yalinitoka, na Anjela akaogopa, akadhani nimechukia. Sikumweleza kitu kwanza. Nilipiga picha, maana na mimi nimejifunza mambo ya siku hizi, nikamtumia Deo, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu na amestaafu ulaji mvivu. Nilikuwa nimeshamega ncha, iko mdomoni, jibu lake lilipoingia. Lilikuwa neno moja.

"Nibakishie."

Nikafunika kijaluba.